Kilichomo Chunguni Tusiuziwe Koponi

Mwaka uliopita mwalimu mwenzangu mstaafu, ambaye nyumba yake na yangu hapa mtaani Ayany zinatenganishwa na ua mmoja wa michongoma, alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Ugonjwa wa kisukari alikuwa nao kwa miaka 11. Miaka yote hiyo aliudhibiti vyema kwa vidonge vya hospitali, kwa kutembea kila alfajiri hadi soko la Toi na kurudi, na kwa ukali wa mkewe ambaye hakuruhusu sukari katika chai ya nyumba ile. Kisha akaviacha vidonge. Kwa muda wa miezi minne alitumia unga wa majani ya mlonge uliotiwa katika kopo la kijani, kopo ambalo lilimgharimu shilingi 2,500 na ambalo ubavuni mwake palikuwa na maneno mengi ya kisayansi. Kidonda kidogo kilichotokana na kiatu kipya hakikupona. Yaliyofuata hospitalini nimekwisha kuyataja.

Nisingeyaleta ya jirani gazetini lau mimi mwenyewe nisingekuwa na mkono katika kisa hiki. Yeye ameniruhusu niyaandike kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na kwamba mimi nisijifiche. Basi nakiri. Ni mimi niliyerejea kutoka semina moja ya walimu wa sayansi nikiwa nimelewa maneno mapya. Tulikuwa tumeelezwa habari za kemikali zilizomo katika mboga zetu, ambazo maabarani huzuia chembe za saratani kukua, hutuliza uvimbe, huteremsha sukari. Jioni ile nilikaa barazani kwa Mzee nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri, "Mwalimu, dawa tumekuwa tukiila bila kujua. Utafiti umethibitisha." Siku chache baadaye mchuuzi akapita na makopo yake, akasema yale yale niliyoyasema mimi. Mzee akawa na mashahidi wawili. Nani angemlaumu?

Neno lililoniponza ni hilo "umethibitisha". Nalisikia sasa kila mahali: katika matatu, katika vipindi vya redio vya asubuhi, na, jambo linalonitia hofu zaidi, katika insha za wanafunzi wangu. Nashika kalamu leo kuwaomba walimu wenzangu na wanafunzi tuliangalie neno hili kwa jicho kali. Utafiti wa vyakula vinavyokinga maradhi ni miongoni mwa kazi bora zilizofanywa na wanasayansi wa nchi hii. Sisi ndio tunaouacha uchukuliwe na wauza makopo, kwa sababu hatukujifunza kuusoma.

Tuanze na kitu chenyewe. Kila jani lina protini, vitamini na madini tuliyoyakariri sote katika shule ya msingi. Mbali na hayo, lina kemikali nyingine nyingi ambazo mmea hujitengenezea kwa haja zake wenyewe, kama vile kujikinga na jua kali au kuwafukuza wadudu. Wataalamu wetu huziita viambato amilifu, jina zuri ingawa bado halijatoka chuo kikuu likafika sokoni. Ile harufu ya saga inayofanana na haradali, unapovunja majani yake mabichi, hutokana na kundi liitwalo glukosinoleti, ambalo limo pia katika sukuma wiki na kabichi. Rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani cha mchicha na kunde ni pamoja na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Uchungu na ukakasi aghalabu huletwa na polifenoli na alkaloidi. Mmea haukuvitengeneza vitu hivi kwa ajili yetu. Mchuuzi hupenda kusema kwamba maumbile yamemwekea binadamu dawa katika kila jani. Maumbile yamewawekea wadudu sumu, na sisi tumebahatika kunufaika na baadhi yake tunapoila kwa kiasi.

Sasa tazama jinsi kazi ya maabara inavyofanywa. Mtafiti husaga majani, huyakamua, na kuimimina ile dondoo juu ya chembe hai zilizokuzwa katika kisahani. Chembe za saratani zikifa, hilo ni tokeo la kweli na ana haki ya kulichapisha. Lakini siki nayo huua chembe katika kisahani. Hata sabuni. Baina ya kisahani na mwili wa Mzee pana tumbo lenye asidi, pana utumbo unaopitisha baadhi ya vitu na kuvikataa vingine, pana ini linalopokea vitu vigeni na kuvivunjavunja. Kinachofika katika damu mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya kile kilichomiminwa maabarani. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na orodha ndefu iliyovipanga vyakula kwa nguvu zao za kuzuia uoksidishaji, nguvu zilizopimwa maabarani. Makampuni yakaigeuza orodha hiyo kuwa tangazo la biashara. Mwaka 2012 wizara iliiondoa, ikieleza kwamba alama zile hazikuwa na uhusiano na athari ya viambato hivyo katika afya ya binadamu. Nilipolishika mkononi kopo la Mzee, nililiona dai la aina ile ile limechapwa kwa rangi ya dhahabu.

Wapo watakaosema: hata kama haifai, madhara yako wapi? Si majani tu? Kwa hao nina kisa cha Finland. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wameona kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi, na ambao damu yao ina beta-karotini nyingi, hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Wakafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Waliwachukua wanaume 29,133 wavutaji sigara, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini na wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako jaribio la watu 18,314, wavutaji sigara na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, lilisimamishwa mnamo Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani hiyo ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 miongoni mwa wale waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Kiambato ni kile kile kilichomo katika karoti na mchicha. Kilipong'olewa kutoka katika jani, kikatengwa na wenzake na kumezwa kwa kiasi kikubwa kila siku na wavutaji sigara, kilidhuru. Hakuna aliyelitarajia hilo, na ndiyo maana majaribio hufanywa.

Sitaki nieleweke vibaya. Siungi mkono wale wanaodai kwamba mimea ni ushirikina. Kidonge chenyewe alichokiacha Mzee, metformini, kina asili ya mmea: mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa katika tiba za kienyeji za huko. Kiambato chake, galejini, huteremsha sukari kweli, lakini kilionekana kuwa na sumu mno kwa binadamu. Wanakemia wakatafuta jamaa zake walio wapole. Metformini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha habari za kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Marekani haikuiidhinisha hadi 1994. Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa ilichukua miaka 35, na watu walipimwa, wakahesabiwa, wakalinganishwa na wengine. Mlonge nao una viambato vinavyochunguzwa kwa ajili ya sukari, na huenda siku moja ukatuzalia kitu. Haujafika siku hiyo. Mzee aliacha dawa iliyokwisha kuvuka mto, akapanda mtumbwi ambao bado unachongwa.

Na chakula chenyewe, bila kugeuzwa kidonge, kinaweza kupimwa vivyo hivyo. Mfano hauko mbali. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilizalishwa na kuenezwa katika eneo letu kwa lengo moja lililotajwa wazi: kuwapatia watoto vitamini A, ambayo upungufu wake huleta upofu na vifo. Huko Msumbiji watoto ambao familia zao zilipewa mbegu hizo na mafunzo walipimwa damu, nayo ilionyesha kwamba vitamini imeongezeka. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne wa kazi ya namna hii, akiwamo Mganda Robert Mwanga aliyevizalisha viazi hivyo kwa mazingira ya Uganda, na Jan Low ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa hapa Nairobi. Hawakudai kwamba kiazi kinatibu saratani, wala kisukari, wala shinikizo la damu, wala kukosa nguvu za kiume. (Kopo la Mzee lilidai hayo yote manne.)

Basi nikirudi kwa mboga zetu, najua kwamba msomaji wa Kibera au Kawangware hahitaji kuelezwa mnavu ni nini. Utauita managu ukiwa Mkikuyu, osuga ukiwa Mjaluo, na mama anayekuuzia atakuelewa. Saga ni akeyo, ni chinsaga, ni tsisaga. Kamusi za Kiswahili huiita mgagani. Kuna mrenda ambao Wajaluo huuita apoth, kuna mito, kuna kunde, kuna majani ya maboga. Wakati nikiwa mtoto vitu hivi vilihesabiwa kuwa chakula cha maskini, na katika masomo ya kilimo baadhi yake vilikuwa magugu ya kung'olewa. Nasema hivi kwa aibu, maana niliing'oa saga kwa mikono yangu katika shamba la shule ili tupande kabichi, na mwalimu akanipa alama nzuri.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuligeuza wazo hilo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango. Alipokuwa mtoto mwili wake uliyakataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amezichunguza mboga hizo, kwanza Maseno kisha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kazi yake inanivutia kwa kuwa haikuishia katika kisahani. Alishughulikia mbegu, kwa maana wakulima walikuwa wakiotesha mbegu duni. Alishughulikia namna ya kupanda, namna ya kupika, na soko. Katika Makavazi ya Kitaifa, Patrick Maundu na wenzake wawili, Ngugi na Kabuye, walitoa mwaka 1999 kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini. Katika miaka iliyofuata mboga tulizozing'oa ziliingia katika maduka makubwa ya Nairobi na bei yake ikapanda. Walichokionyesha watafiti hawa ni cha kawaida kabisa, hakiwezi kuuza hata kopo moja: kwamba mboga hizi kwa jumla zinaipita kabichi mbali kwa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A, na kwamba zina viambato vya kinga vinavyostahili kuchunguzwa zaidi.

Lakini jani likiwa na chuma, haimaanishi kwamba chuma hicho kitafika katika damu ya msichana wa kidato cha pili. Hapa ndipo sayansi inapoingia jikoni, na mimi naona ndipo palipo na utajiri. Chuma cha mboga mwili hukipokea kwa shida. Vitamini C hukisaidia: limau lililokamuliwa juu ya sahani, nyanya, au chungwa baada ya chakula. Chai hukizuia, kwa kuwa ina tanini zinazokikamata chuma tumboni kabla ya kupokelewa. Hebu jiulize, msomaji, ni nyumba ngapi hapa Ayany ambamo kikombe cha chai hakifuatii papo hapo sahani ya ugali na mboga? Tunanunua chuma kwa mkono wa kulia na kukimwaga kwa mkono wa kushoto. Kuisogeza chai kwa saa moja au zaidi hakugharimu hata senti.

Tazama pia desturi ya kina mama wa magharibi ya nchi, ambao huchemsha mnavu au saga, huzitia maziwa au samli, na mara nyingine kuziacha zilale hadi kesho yake. Tulipokuwa vijana tulidhani ni kwa ajili ya ladha tu. Beta-karotini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kidogo mlo hauitoi. Mchicha nao una oksaleti, ambazo huifunga kalsiamu. Kalsiamu ya maziwa huzikamata zikiwa chunguni na tumboni, zisiingie mwilini kwa wingi. Bibi zetu hawakuyajua majina haya, lakini chungu chao kilikuwa kimefanyiwa majaribio kwa vizazi kadhaa. Hata hivyo tusiwatukuze kupita kiasi. Kalsiamu hiyo hiyo hupunguza kidogo upokeaji wa chuma, na yale maji ya kwanza ya kuchemshia ambayo humwagwa ili kupunguza uchungu huondoka na vitamini C pamoja na sehemu ya hao viambato tunaowasifu. Kila njia ya kupika ina faida na hasara. Nani amewahi kulifundisha hili darasani kwa saa nzima? Mimi sijawahi, na nimefundisha kwa miaka 24.

Haya si mambo ya kuletewa kutoka nje. Eneo letu liliwahi kuufundisha ulimwengu somo la chakula na maradhi, kisha likalisahau. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30 tangu 1929. Denis Burkitt, yule mpasuaji ambaye aina moja ya saratani ya watoto inaitwa kwa jina lake, alikuwa Mulago, Kampala. Waliona kwamba maradhi fulani yaliyojaa hospitali za Uingereza, kama ya utumbo mpana na ya kidole tumbo, yalikuwa nadra miongoni mwa wagonjwa wao wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa. Waliporudi kwao wakayaunganisha hayo na mawazo ya wataalamu wengine, na katika miaka ya 1970 wakaeneza habari za nyuzinyuzi katika chakula. Si kila walichokisema kimesimama, kwa kuwa kulinganisha kijiji cha Uganda na jiji la London ni kulinganisha mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo Wazungu wakaanza kununua mkate wa ngano isiyokobolewa na pumba katika pakiti. Sisi, ambao sahani zetu ndizo zilizowafumbua macho, tulikuwa wakati ule ule tukiacha wimbi na mtama na kukimbilia unga mweupe wa sembe uliokobolewa hadi kiini chake kuondoka. Leo kisukari kimeingia Kibera, na hakuna anayeshangaa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao semina niliyohudhuria haikuugusa hata kwa neno moja. Jani halichagui. Mizizi inayovuta chuma kutoka ardhini huvuta pia risasi na kadmiamu ikizikuta, na mboga za majani, mchicha ukiwamo, ni hodari kwa kazi hiyo. Mto Ngong unapita kando ya Kibera ukielekea Bwawa la Nairobi, na anayeujua mto ule anajua kilichomo. Kandokando ya mito ya jiji hili watu hulima mboga kwa maji taka, na watafiti wa kilimo cha mijini wamekwisha kuzikuta metali hizi katika udongo na katika mboga za Nairobi. Mama mboga wetu huamka saa kumi usiku. Baadhi ya mafungu yake yametoka Kisii na Kiambu kwa malori. Mengine sijui, na yeye mara nyingi hajui. Kuosha huondoa vumbi na vijidudu vya nje. Metali iliyomo ndani ya jani haioshwi wala haichemshwi ikatoka.

Najua kwamba kusema haya ni hatari, kwa sababu mtu anaweza kuacha mboga kwa hofu, naye atakuwa amepoteza zaidi. Bora tutafute njia. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilianza kuzisaidia familia za Kibera kulima katika magunia: gunia la udongo, mawe katikati ya kupitishia maji, mashimo ubavuni, miche ya sukuma na mchicha ikichomoza pande zote. Gunia moja hutosha mlangoni pa chumba kimoja. Likijazwa udongo uliotolewa mahali safi na kumwagiliwa maji ya mfereji, ni shamba ambalo mwenyewe analijua asili yake. Shule nyingi zina nafasi ya magunia 20 nyuma ya darasa. Kisichokuwapo ni mtu wa kuupima udongo. Maabara zipo: kuna vyuo vikuu vyenye idara za udongo na lishe, na upande wa pili wa Kibera, karibu na Barabara ya Mbagathi, ipo taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979. Nauliza kwa heshima: je, haiwezekani kaunti ya Nairobi kuzipimia shule zenye bustani udongo na maji yake mara moja kwa mwaka, na kubandika matokeo ukutani kwa Kiswahili?

Swali hili lina uzito zaidi tangu kaunti ilipoanzisha mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana mashuleni, ambao mwanafunzi huchangia shilingi 5 kwa mlo. Ni mpango ninaousifu, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hafundishiki. Ila jiko linalopikia maelfu ya watoto ndilo mahali ambapo utafiti wa miaka 30 ungeweza kugeuka damu na mifupa. Ni siku ngapi kwa juma sahani hiyo hubeba mnavu, kunde au mchicha? Ikibeba, imetiwa mafuta kiasi gani, na baada ya mlo mtoto hunywa nini? Chuo kikuu kinachotaka kujua kama mboga zetu zinazuia upungufu wa damu hakihitaji kisahani. Hapa wapo watoto, wapo wazazi wa kuombwa idhini, na mlo mmoja unapikwa kila siku.

Na sisi walimu? Mtaala uliokuja baada ya 8-4-4 umeingiza kilimo na lishe katika madarasa ya chini, lakini nimekwisha kuona tukiyafundisha kama tulivyofundishwa: orodha ya vitamini, orodha ya upungufu wake, mtihani Ijumaa. Mradi wa Kenya wa vyakula vya asili, ulioanza mwaka 2007 na kuingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi, uliwashirikisha wanafunzi wa shule za msingi katika kukusanya habari za vyakula vya jamii zao. Darasa moja la hapa Ayany lina watoto wa Kijaluo, Kiluhya, Kikisii, Kikamba, Kikikuyu na Kinubi. Mwalimu akiwatuma wakaulize nyumbani jinsi bibi alivyopika mboga moja, na kwa nini maji ya kwanza yalimwagwa, atarudishiwa maswali ya kemia yatakayomtosha muhula mzima.

Wanafunzi wangu wa sasa nimewazoesha jambo moja. Mtu akiwaambia kwamba utafiti umethibitisha, wamuulize ulifanywa kwa nani: kwa chembe, kwa panya, au kwa watu? Wangapi, kwa muda gani, na kwa kiasi gani cha chakula ambacho mtu anaweza kula kweli? Na anayesema, ana nini cha kuuza? Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza maswali hayo hayo kuhusu jambo nililoliandika ubaoni mimi mwenyewe, nami sikuwa na jibu. Nikalifuta.

Mzee amerejea kwenye vidonge vyake. Hatembei tena hadi Toi. Anafika kwenye kona ya barabara na kurudi, kwa fimbo. Jumapili iliyopita nilikula kwao ugali wa wimbi na saga iliyotiwa maziwa, na mkewe alipoleta birika, Mzee aliinua mkono akasema chai ingoje kwanza. Lile kopo la kijani bado wanalo. Wameliosha wakalijaza mbegu za mnavu, na magunia mawili yamesimama karibu na ua wa michongoma yakisubiri udongo ambao tumeahidiwa kuletewa kutoka Limuru. Kama udongo huo nao ni safi, sijui wa kumuuliza.